Njiti akipaliwa: biberoni, kikombe au sonda?

Mtoto njiti (aliyezaliwa kabla ya wakati) akipaliwa wakati wa kunywa, familia nyingi hapa Goma hukimbilia kubadilisha maziwa. Kopo jipya linanunuliwa madukani Birere, au uji unachanganywa ndani ili maziwa yawe mazito, au tundu la tetini (chuchu ya biberoni, chupa ya kumlishia mtoto) linapanuliwa ili mtoto "asichoke". Mara nyingi tatizo haliko kwenye maziwa. Maziwa yanafika mdomoni haraka kuliko mtoto anavyoweza kumeza na kuvuta pumzi. Kwa hiyo tunapolinganisha vyombo vya kumlishia, tunauliza kwanza jambo moja: nani anaendesha kasi ya maziwa, mtoto au chombo?

Chakula na hewa hupita kwenye koromeo lilelile. Kila mtoto anapomeza, njia ya hewa hujifunga kwa karibu nusu sekunde. Mtoto aliyezaliwa baada ya kutimiza miezi tisa ya mimba hufyonza, humeza na hupumua kwa mpangilio bila shida. Njiti anaweza kufyonza kidole tangu wiki ya 28 hivi, lakini kuunganisha kufyonza, kumeza na kupumua huanza kuonekana kati ya wiki ya 32 na 34, na hukomaa wiki ya 36 au 37, wakati mwingine baadaye. Ndiyo maana mtoto anayefyonza kidole kwa nguvu bado anaweza kupaliwa akipewa mililita 10 tu za maziwa.

Wiki hizo huhesabiwa kwa kujumlisha wiki za mimba na wiki tangu azaliwe. Aliyezaliwa kwa wiki 30 na leo ana wiki 3, mhesabu wiki 33.

Wazazi wengi husubiri kusikia kikohozi ndipo waamini kwamba maziwa yamekwenda pabaya. Njiti wengi hawakohoi. Maziwa yakigusa njia ya hewa, yeye huacha kupumua, moyo hupungua hadi chini ya mapigo 100 kwa dakika, midomo inabadilika rangi, mwili unalegea. Mtu asiyemtazama usoni atasema mtoto ameshiba na amelala.

Kwanza, je, yuko tayari kwa mdomo?

Kabla ya kuchagua kati ya kikombe na biberoni, mtazame kabla hajala. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikizidi 60, asipewe kitu kwa mdomo wakati huo, kwa sababu hana nafasi ya kufunga njia ya hewa mara kwa mara. Awe anaamka mwenyewe, anageuza kichwa kutafuta, anafyonza kidole kilichooshwa vizuri, na mate yake anayameza bila kutoa povu. Akiwa bado anahitaji oksijeni, uamuzi ni wa daktari, usijaribiwe nyumbani.

Kuna watoto ambao ulinganisho huu hauwahusu kabisa. Mtoto anayetoa povu jingi mdomoni tangu kuzaliwa na kupaliwa mara ya kwanza kabisa anapopewa maziwa, hasa kama sonda (mrija wa kulishia) inakataa kushuka, huenda umio wake haujaungana na tumbo. Anayetoa maziwa puani kila mara achunguzwe kaakaa. Hao wanahitaji upasuaji au uchunguzi hospitalini, na tetini ya aina yoyote haitawasaidia.

Sonda

Hii ndiyo njia ya mtoto aliye chini ya wiki 32, au aliyefika wiki hizo lakini anachoka baada ya kufyonza mara chache. Mrija mwembamba, kwa kawaida namba 5 au 6, hupitishwa mdomoni au puani hadi tumboni. Kwa mtoto anayehangaika kupumua, mdomoni ni afadhali, maana watoto wachanga hupumua zaidi kwa pua na mrija huziba nusu ya njia. Urefu hupimwa kutoka ncha ya pua hadi ncha ya sikio, kisha hadi katikati ya mfupa wa kifua na kitovu, na alama huwekwa hapo.

Faida yake kubwa ni kwamba mtoto hatumii nguvu, na kiasi kinajulikana hadi mililita ya mwisho. Maziwa humiminwa kwenye seringi isiyo na kisukumio, ikishikwa sentimita 5 hadi 10 juu ya mtoto, yashuke yenyewe kwa dakika 10 hadi 15. Kusukuma kwa nguvu ili kumaliza haraka kunajaza tumbo ghafla, maziwa yanarudi juu, na mtoto anapaliwa kwa njia nyingine.

Hatari yake ni mrija uliohama. Mtoto akitapika, akikohoa au akivuta mrija kwa mkono, alama ya gundi inaweza kusogea na ncha kuingia njia ya hewa. Muuguzi huhakikisha kila mara kabla ya kumimina: anaangalia alama, anavuta kidogo maji ya tumbo, na karatasi ya kupimia asidi ikiwepo isome pH 5.5 au chini. Kusikiliza hewa kwa stetoskopu peke yake hakutoshi. Kwa sababu hii hatupendekezi familia kurudi nyumbani na sonda, isipokuwa mama amefundishwa akaonyesha mwenyewe kwamba anaweza, na hospitali iko karibu.

Wakati maziwa yanashuka kwa sonda, mpe mtoto ziwa lililokamuliwa alifyonze, au matone ya dang'a (maziwa ya kwanza ya mama) ndani ya shavu, mililita 0.1 hadi 0.2 kila upande. Anajifunza kwamba mdomo na kushiba vinakwenda pamoja, na hapo hakuna maziwa mengi ya kumpalia.

Biberoni

Lawama nyingi ambazo biberoni hupewa ni za namna inavyotumiwa. Mtoto akilazwa chali na chupa ikainuliwa juu, maziwa yanashuka kwa uzito wake hata kama hafyonzi. Atameza, atameza, atameza tena, na pumzi haipati nafasi. Huo ndio mkao unaoonekana karibu kila nyumba, na kwa njiti ndio mbaya kuliko yote.

Linganisha na mkao wa ubavu. Mama anakaa, mguu mmoja umewekwa juu ya kigoda. Mtoto analala ubavu juu ya mapaja, kichwa juu kuliko kiuno. Sikio, bega na nyonga vikiwa mstari mmoja, mikono karibu na uso, amefungwa kitambaa bila kubanwa kifua. Chupa inashikwa karibu sambamba na sakafu, tetini iwe na maziwa nusu tu. Hapa maziwa hayaanguki nyuma ya koo; yakizidi yanatoka pembeni mwa mdomo. Watu huogopa kwamba tetini isiyojaa itamjaza hewa. Hewa iliyoingia tumboni hutoka kwa kubeua, maziwa yaliyoingia mapafuni hayatoki hivyo.

Kisha mpangie mapumziko. Njiti hajui kuacha. Hesabu anavyofyonza na kumeza: mara 3 hadi 5, halafu shusha kitako cha chupa ili maziwa yatoke kwenye tetini, lakini usiitoe mdomoni. Subiri avute pumzi 3 hadi 5, ndipo uinue tena. Ukiichomoa kila mara, atatumia nguvu nyingi kuitafuta upya na atachoka kabla hajashiba. Baada ya siku kadhaa wengi huanza kusimama wenyewe, na wewe unapunguza kuingilia.

Tetini ndiyo sehemu inayodanganya zaidi. Maandishi kwenye pakiti kwamba ni ya "miezi 0" hayana kipimo kimoja kwa watengenezaji wote. Tetini mbili zenye namba ileile zinaweza kupitisha maziwa kwa kasi tofauti kabisa. Ijaribu mwenyewe: jaza maziwa kidogo, pindua chupa bila kuitikisa. Ikidondosha tone moja moja na kusimama, ni ya polepole. Ikitoa uzi wa maziwa, iweke kando. Tetini za mpira wa kahawia zikichemshwa mara nyingi hulainika na tundu hupanuka, kwa hiyo ile iliyokuwa nzuri wiki iliyopita irudie kuijaribu. Na tundu lisichomwe kwa sindano ya moto. Tunajua kwa nini watu hufanya hivyo: mtoto anachukua dakika 40, mama mkwe anaona anateseka. Lakini anayechukua dakika 40 anasema kwamba bado ni dhaifu. Ukiongeza kasi, atamaliza kwa dakika 8 na sehemu itaingia mapafuni.

Usibonyeze mashavu yake wala kuzungusha chupa mdomoni ili aendelee. Vyote viwili vinamwagia maziwa wakati yeye ameomba kupumzika.

Wakati wote mtazame uso. Ishara za mapema huja kabla ya rangi kubadilika: nyusi zinakunjana, macho yanatanuka, vidole vinafunguka kama anasimamisha mtu, maziwa yanatiririka pembeni mwa mdomo, kumeza kunatoa mlio mkubwa wa "glup", pumzi inasikika kama ina maji. Ukiona mojawapo, shusha chupa. Ukiona mbili au tatu mfululizo, mlo wa mdomo umekwisha kwa sasa hata kama chupa ina nusu. Dakika 30 zisipite kwa vyovyote.

Kikombe

Kikombe kidogo cha mililita 30 hadi 60, chenye ukingo laini usiokata, kinaweza kutumika kabla mtoto hajaweza biberoni, mara nyingi kuanzia wiki ya 32, na kwa baadhi mapema kidogo. Mtoto anakalishwa wima mapajani, mgongo na shingo vimeshikwa, mikono imefungwa ndani ya kitambaa. Ukingo unagusa mdomo wa chini kwa wepesi, kikombe kinainamishwa mpaka maziwa yaguse tu midomo. Hapo unasimama. Njiti atatoa ulimi na kuramba, au atavuta kidogo kidogo. Anapopumzika unakiacha pale pale, bila kukirudisha wala kumimina.

Neno "kumimina" ndilo kosa moja kubwa la kikombe. Ukimmiminia, umegeuza kikombe kuwa hatari kuliko biberoni, kwa sababu hana hata tetini ya kuzuia. Tumia muda kumfundisha kila atakayemlisha nyumbani, si mama peke yake.

Kwa upande wa kasi, kikombe kinashinda: asiporamba, hakuna kinachoingia. Kinashinda pia kwa ziwa. Tafiti za njiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba wasiopewa biberoni wakati wa kujifunza kunyonya huondoka hospitalini wakiwa wananyonya maziwa ya mama peke yake kwa wingi zaidi. Kwa Goma kuna hesabu nyingine tena. Mtoto anakula mara 8 kwa siku. Biberoni ina shingo nyembamba, pete na tetini yenye tundu, na kila sehemu inahitaji brashi, sabuni na kuchemshwa dakika 10. Maji yanatoka kwenye bidoni, makala ya kupikia (mkaa) yananunuliwa, na kipindupindu hakijawahi kukaa mbali na mji huu. Kikombe kilicho wazi unakiona chote kwa jicho, na unakisafisha kwa sabuni na maji ya moto.

Kinaposhindwa ni kwenye kumwagika. Maziwa mengi huishia kwenye kitambaa, na mama anaandika mililita 35 wakati mtoto amepata 25. Weka kitambaa kilekile chini ya kidevu, na kama kuna mizani ya gramu, kipime kabla na baada: gramu moja ni karibu mililita moja. Bila mizani, pima uzito wa mtoto kila siku au kila siku mbili katika kituo cha afya. Aongezeke angalau gramu 15 kwa kila kilo kwa siku. Mwenye kilo 1.8 ni gramu 27 hivi.

Kijiko hufanya kazi kama kikombe kidogo sana, kinafaa kwa dang'a ya siku za kwanza, lakini kwa mililita 36 mkono wa mama utachoka. Seringi ya mdomoni ina ubaya wa biberoni mara mbili, maana anayesukuma ndiye anayeamua kila kitu. Kama hakuna njia nyingine, weka tone ndani ya shavu na usubiri ameze, usirushe katikati ya ulimi.

Maziwa mepesi au mazito?

Ushauri wa kuyafanya maziwa yawe mazito unazunguka sana, na kwa njiti tunaupinga. Kuna unga na jeli za kufanya vinywaji viwe vizito, zinazotolewa hospitalini kwa wakubwa na watoto wenye shida ya kumeza. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilionya kwamba jeli moja ya aina hiyo, SimplyThick, isipewe watoto waliozaliwa kabla ya wiki 37, baada ya baadhi yao kupata ugonjwa wa kuoza kwa utumbo, na mwaka uliofuata onyo likapanuliwa. Unga wa mchele hauyafanyi maziwa ya mama kuwa mazito kwa muda mrefu, kwa kuwa maziwa hayo yana kimeng'enya kinachoyeyusha wanga. Dakika chache yamekuwa mepesi tena. Uji wa masoso (unga wa mahindi, soya na mtama) ndani ya biberoni humlazimu mzazi kupanua tundu la tetini, unajaza tumbo lisilokomaa, na ukiingia mapafuni ni mbaya kuliko maziwa. Kupunguza kasi kunaleta faida ileile iliyotafutwa kwenye maziwa mazito, bila hatari hizo.

Tenganisha pia kupaliwa na kucheua. Angalia saa. Anayebadilika rangi katikati ya kunywa ana shida ya kumeza au kasi. Anayebadilika dakika 20 au 30 baada ya kula, akiwa amelazwa, huenda maziwa yanapanda kutoka tumboni. Huyo apunguziwe kiasi na aongezewe idadi ya milo, kisha akae wima kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi ndani ya kitenge. Njia hii ya mama kangaruu ilianzia Bogotá mwaka 1978, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza ianze mara tu baada ya kuzaliwa.

Kuchagua kwa kesi

Chini ya wiki 32, au pumzi juu ya 60: sonda, hospitalini. Wiki 32 hadi 34, anaamka lakini anachoka: kikombe kwa milo 2 kati ya 8, iliyobaki kwa sonda; asipomaliza ndani ya dakika 20 hadi 30, salio lipitie sonda. Uzito ukipanda siku tatu mfululizo, ongeza mlo mmoja au miwili ya kikombe. Wiki 34 na kuendelea, mama yupo na maziwa yapo: ziwa kwanza, kikombe kwa nyongeza. Mama mwenye maziwa yanayotoka kwa kasi akamue kidogo kabla, kisha alale nyuma mtoto akiwa juu yake, maziwa yasimwangukie kooni.

Biberoni tunaichagua pale mama hayupo au anaumwa, na mlezi ni mmoja anayeweza kuchemsha vyombo na kufuata mkao wa ubavu kila mlo. Pia kwa mtoto mkubwa kidogo, wiki 36 hivi, anayemwaga maziwa mengi kwenye kikombe na haongezeki uzito licha ya kufundishwa vizuri. Kama ni maziwa ya unga yaliyoandikwa na daktari, maji ya kuchanganyia yawe bado na joto la nyuzi 70 au zaidi ili kuua vijidudu vilivyo ndani ya unga wenyewe. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo yanaanza kupoa yakiwa chini zaidi. Yakishachemka usiyaache nusu saa ipite. Ukishachanganya, poza chupa kwenye maji baridi mpaka tone likiwekwa juu ya kiganja lisichome.

Kiasi ni kilekile kwa chombo chochote. Mtoto wa kilo 1.8 siku ya kwanza hupewa karibu mililita 60 kwa kilo, yaani 108 kwa siku, 13 au 14 kila baada ya muda wa saa 3. Huongezwa mililita 20 hadi 30 kwa kilo kila siku mpaka 160, yaani 288 kwa siku, 36 kwa mlo. Aliye chini ya kilo 1.5 hugawiwa mara 12. Kumzidishia ili anenepe haraka ni sababu ya kawaida ya kupaliwa usiku, mlishaji akiwa na usingizi na taa imezimika. Mlo wa usiku uwe na mwanga unaotosha kuona midomo.

Akiacha kupumua au akiwa wa buluu, toa chombo mdomoni, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini kidogo, futa mdomo halafu pua, sugua mgongo. Wengi hurudi ndani ya sekunde chache. Asiporudi, mlaze chali, kichwa kikiwa sawa bila kukunjwa nyuma, funika mdomo na pua yake pamoja kwa mdomo wako, mpulizie hewa ndogo ya mashavu tu mara 5 ukitazama kifua kinyanyuke. Endelea kumpulizia huku mwingine akitafuta pikipiki au gari. Hata akirudi na kulia vizuri, siku hiyo hiyo aonwe na daktari. Pumzi zaidi ya 60, kifua kinachozama, kukoroma kila anapotoa hewa, homa, au mwili baridi chini ya nyuzi 36.5 ni dalili kwamba huenda maziwa yameleta nimonia, na hapo chakula cha mdomo kinasimama mpaka aruhusiwe tena.